Maisha ya Ibnul-Haitham, Mwanachuoni wa Nuru

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu jicho la kuonea na akili ya kuyapima yale aliyoyaona. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Amma baad. Hizi ni khabari za mtu mmoja katika wakubwa wa ilimu wa Kiislamu, aliyezaliwa Basra na akafia Misri, ambaye somo la nuru linalosomeshwa leo katika skuli limesimama juu ya msingi alioujenga yeye. Khabari hizi zimekusanywa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa vijana wengi wa Kiislamu hulisoma somo hilo wakidhani kuwa wazee wao hawakuwa na fungu lolote ndani yake, na baadhi ya wazee nao huliona kuwa ni ilimu ya kigeni isiyowahusu. Ya pili ni kuwa katika maisha ya mtu huyu mna mafundisho kwa kila mwenye kutafuta ilimu, na zaidi kwa yule anayetakiwa akiri kosa lake mbele ya mtu mwenye nguvu juu yake.

KIVULI CHA MKWAJU

Huko Mkwajuni, makao makuu ya wilaya ya Songwe, mbali sana na pwani, katika nchi ya dhahabu inayoteremka kwenda ziwa Rukwa, mahali penyewe pameitwa kwa jina la mti wa mkwaju. Mwenye kukaa chini ya mti huo jua likiwa juu huona ardhini, katikati ya kivuli, viduara vingi vya mwanga. Akitazama juu ataona ajabu: nafasi zilizo baina ya majani si za duara. Nyingine zina pembe tatu, nyingine ni ufa tu, wala hapana mbili zilizo sawa. Na mwanga uangukao chini ni duara. Kadhalika ndani ya chuo kilichoezekwa bati: tundu la msumari liwe la mraba au limechanika, mwanga wake sakafuni ni duara vile vile.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa katika nchi zile za kusini-magharibi ya Tanzania. Huko Rujewa, katika Mbarali, mkoa wa Mbeya, walikusanyika watu wengi kulitazama, nalo likabaki mfano wa pete. Siku ile viduara vya chini ya miti havikubaki viduara. Viligeuka vikawa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia, na mahali palipoonekana pete vikawa pete. Majani hayakubadilika, wala nafasi zake hazikubadilika; lililobadilika ni jua. Basi ilidhihiri ya kuwa kila kiduara kilichokuwa kikikanyagwa na watoto siku zote kilikuwa ni sura ya jua lenyewe.

Sababu ya jambo hili haikuanza kutafutwa mwaka ule. Ilikuwa imekwisha elezwa, kwa vipimo na kwa dalili, katika risala ya Ibnul-Haitham juu ya sura ya kupatwa kwa jua, yapata miaka 1000 nyuma.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haitham. Alizaliwa Basra karibu na mwaka 354 wa Hijra, nao ni mwaka 965 wa miladi. Basra si mji mgeni kwa watu wa pwani, kwani ni huko ndiko majahazi ya Ghuba yalikokuwa yakipakia tende, yakashuka na upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Wazungu walimwita Alhazen, nalo si jina jingine ila ni al-Hasan lililopotolewa katika ndimi zao.

Alizaliwa katika zama ambazo vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad: hisabu na handasa ya Uklidis, falaki ya Batlamyus, tiba ya Jalinus, na hekima ya Aristatalisi. Alivisoma vyote, akavifupisha vingine na kuvisherehesha vingine. Lakini hakuwa msomaji wa kukubali tu. Alishika njia ya kuwa mwenye kutafuta haki hana budi kuyatia shaka anayoyasoma, ayapime kila upande, wala asimwamini mtungaji kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Na ajitie shaka yeye mwenyewe pia, asije akampunja mtungaji au akamfanyia upole usiostahili. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima juu ya mambo yenye shaka katika maneno ya Batlamyus, naye Batlamyus alikuwa ndiye imamu wa watu wa falaki kwa muda wa miaka 800.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni utovu wa adabu. Wafuasi wa Imamu Shafii wanajua ya kuwa imamu wao aliwausia waiache kauli yake wakiikuta inakhalifu hadithi sahihi. Heshima ya mwalimu haiondoki kwa mwanafunzi kutaka dalili.

KUSAFIRI KWAKE KWENDA MISRI, NA MTO NILI

Misri wakati ule ilikuwa chini ya Mafatimi, watu wa madhehebu ya Kiismailia, na mtawala wao alikuwa al-Hakim bi-Amrillah, aliyetawala tangu mwaka 386 mpaka 411 wa Hijra, yaani 996 mpaka 1021. Al-Hakim alikuwa mtu wa hali mbili. Alipenda ilimu, akajenga Nyumba ya Ilimu katika mji wa Kairo mwaka 395 (1005) na kuijaza vitabu. Na pia alikuwa mwepesi wa kumwaga damu, akawaua mawaziri na makatibu wake mmoja baada ya mmoja.

Ibnul-Qifti, mwandishi wa maisha ya wenye hekima, aliyekufa mwaka 646 (1248), ameisimulia khabari hii. Ibnul-Haitham, angali mbali na Misri, alipata kusema kuwa lau angekuwa katika nchi ile angaliufanyia mto Nili kazi ambayo kwayo watu wangenufaika katika kujaa kwake na katika kupungua kwake. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim. Misri huishi kwa mto huo; wakati ule ukijaa mno ulizamisha mashamba, na ukipungua ilikuja njaa. Al-Hakim akampelekea mali kwa siri, akamtaka aje, naye akaja. Mtawala mwenyewe akatoka nje ya mji kumlaki, akamkirimu, na baada ya kumpumzisha akamtaka atimize aliyoyasema.

Ibnul-Haitham akafunga safari na mafundi na wafanya kazi wengi, wakaufuata mto kuelekea kusini. Lakini kila alivyokwenda alikuta majengo ya watu wa kale wa nchi ile, mahekalu na sanamu za mawe, yaliyojengwa kwa vipimo visivyo na kosa. Moyo wake ukaanza kuingiwa na shaka. Aliona ya kuwa watu wenye handasa kama ile hawakushindwa na wazo la kuuzuia mto. Lau ingewezekana kwa vyombo walivyokuwa navyo, wangeifanya wao. Hata alipofika mahali paitwapo Janadil, kusini ya Aswan, ambapo maji hushuka juu ya majabali, akayatazama na kuyapima, akayakinika kuwa alilolisema haliwezekani.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake. Mbele yake zilikuwapo njia mbili. Angeweza kuanza kazi kwa kelele, akatumia mali ya nchi na maisha ya wafanya kazi miaka kadhaa, kisha akapata wa kumlaumu. Au angeweza kurudi na kusema kuwa amekosea. Alirudi kwa aibu kubwa, akasimama mbele ya mtu aliyewaua mawaziri wake, akakiri.

Yafaa kujua mwisho wa jambo lenyewe. Maji yaliyomshinda yana chimbuko katika Afrika yetu: mengine hushuka kutoka milima ya Uhabeshi, na mengine hutoka katika ziwa Viktoria, ambalo maji yake hupiga fukwe za Mwanza, Bukoba, Kisumu na Entebe. Mwaka 1902 ilimalizika boma la kwanza la kuzuia maji huko Aswan, na mwaka 1970 likamalizika lile kubwa, karibu na pale pale alipogeuka nyuma. Basi wazo lake lilikuwa sahihi, na kukiri kwake pia kulikuwa sahihi; kwani lilihitaji chuma, saruji na mitambo ambayo zama zake hazikuwa nayo. Mtu mkweli huweza kuwa na wazo zuri, na akajua kuwa wakati wake haujafika.

KUJIFANYA MWENDA WAZIMU

Al-Hakim aliupokea udhuru wake kwa ulimi, akampa kazi katika diwani moja ya serikali. Ibnul-Haitham aliishika kwa khofu na si kwa kupenda, kwani alijua kuwa mtawala yule huweza kumfurahia mtu asubuhi na kumuua jioni. Akafikiri, asione hila ya kumwokoa ila kujionyesha kuwa akili zake zimeharibika. Khabari zikaenea kuwa amerukwa na akili. Mali yake ikawekwa mikononi mwa wasimamizi, naye akafungiwa ndani ya nyumba yake. Akakaa hali hiyo mpaka mwaka 411 (1021), al-Hakim alipotoka usiku kuelekea mlima wa Muqattam asirudi tena. Hapo Ibnul-Haitham akaonyesha kuwa akili zake ni timamu, akarudishiwa mali yake.

Ibn Abi Usaibia, aliyeandika khabari za matabibu, ana riwaya nyingine: kwamba alijifanya mwenda wazimu kabla ya kwenda Misri, alipokuwa amepewa uwaziri katika nchi yake, ili aachwe apate kusoma. Riwaya mbili hizi zinatafautiana katika mahali na wakati, lakini zinakutana katika jambo moja: mtu huyu alikuwa radhi kuitwa mwenda wazimu, akakosa cheo na heshima mbele ya watu, kuliko kuishi katika kazi iliyomtenga na ilimu.

KITABU CHAKE, NA YALIYOSEMWA KABLA YAKE

Kitabu chake kikubwa ni Kitabul-Manadhir, yaani kitabu cha mambo ya kuona, nacho kina makala saba. Ili ijulikane thamani yake, lazima ijulikane kwanza waliyoyasema waliotangulia.

Uklidis na Batlamyus walisema kuwa jicho hutoa miali, ikaenda mpaka kwenye kitu, ikakigusa, ndipo mtu akakiona. Mfano wa kipofu anayeipapasa njia kwa bakora yake. Wengine, nao ni wafuasi wa Aristatalisi, walisema kuwa sura ya kitu ndiyo inayokuja katika jicho, lakini hawakueleza kwa handasa vipi mlima mzima huingia katika mboni iliyo ndogo kuliko punje ya mtama.

Ibnul-Haitham aliupinga mwali wa jicho kwa dalili ambazo kila mtu aweza kuzijaribu. Mwenye kulitazama jua hupata maumivu. Na maumivu hayapatikani ila kwa kitu kinachoingia. Mwenye kutazama mwanga mkali kisha akafumba macho, au akaingia mahali pa giza, hubaki na alama ya mwanga ule machoni kwa muda. Basi mwanga umeacha athari ndani. Na mtu akifumbua macho usiku huona nyota papo hapo. Ni jambo gumu kusadiki kuwa kutoka katika jicho lake dogo kumetoka kitu kilichoijaza nafasi yote mpaka mbinguni. Tena, ingawa mwali ungetoka, bado kitu kisingeonekana gizani. Kwa hiyo nuru haina budi iwepo, na ikiwapo nuru mwali wa jicho hauna kazi.

Akasimamisha kauli yake: kila nukta ya kitu chenye mwanga, uwe mwanga wake mwenyewe kama jua na taa, au wa kuazima kama ukuta na mwezi, hutawanya nuru kila upande kwa mistari iliyonyoka. Nuru hiyo ikiingia katika jicho, kitu huonekana. Maneno haya machache ndiyo mlango wa somo zima.

CHUMBA CHA GIZA

Hakutosheka na maneno. Alichukua chumba cha giza chenye tundu moja dogo. Nje, mbele ya tundu, akaweka taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, juu ya ukuta, zikaonekana alama za mwanga kwa hesabu ya zile taa. Akaifunika taa moja. Alama moja ikatoweka, na zilizobaki zisiguswe. Akaifunua, ikarudi. Na kila alama ilikuwa katika mstari ulionyoka pamoja na tundu na taa yake: taa ya kulia alama yake kushoto, na taa ya kushoto alama yake kulia.

Katika jaribio hili mna faida mbili. Ya kwanza, nuru hwenda kwa mstari ulionyoka. Ya pili, nuru zote zile zilipita katika tundu moja lembamba kwa wakati mmoja, wala hazikuchanganyika. Ndivyo zinavyopita katika mboni nuru za mlima, na mti, na mtu aliyesimama chini yake, na kila moja ikabaki na mahali pake.

Sasa ile ajabu ya kivuli cha mkwaju inafunguka. Kila nafasi ndogo baina ya majani ni tundu, na ardhi ni ukuta wa chumba. Nuru ya upande wa juu wa jua hupita ikaanguka chini, na ya upande wa chini ikaanguka juu, na ya kulia ikaenda kushoto; ikachorwa sura ya jua, imepinduliwa. Jua likiwa zima, sura yake ni duara. Likipatwa, sura yake ni hilali. Lakini tundu likiwa kubwa, au uso wa chini ukiwa karibu mno na tundu, sura za jua hupandana na kufutana, mpaka mwanga ukashika umbo la tundu. Kwa hiyo dirisha la mraba hutoa mwanga wa mraba, na tundu la msumari hutoa duara.

Na katika hili mna manufaa ya mwili pia. Jua lipatwapo, kulikodolea macho ni hatari, kwani nuru yake huweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho pasipo mtu kusikia maumivu wakati ule, na asipate tena kuona vyema. Atakaye kujua kupatwa kumefika wapi, na alipe jua mgongo, atoboe kijitundu katika karatasi ngumu, na aitazame hilali juu ya karatasi ya pili au juu ya ardhi. Ataona kila kitu, na macho yake yatasalimika kwa kusoma na kwa kusali.

VIOO NA MAJI

Makala ya nne, ya tano na ya sita ni juu ya vioo. Alieleza kuwa nuru ikipiga kioo hurudi kwa pembe ile ile iliyoingilia, na mwali unaokwenda na unaorudi huwa katika uso mmoja na mstari uliosimama wima juu ya kioo. Akapiga mfano wa tufe dogo la chuma lililotupwa juu ya kitu kigumu: likitupwa wima hurudi wima, na likitupwa kwa mshazari hurudi kwa mshazari upande wa pili. Alitengeneza chombo cha shaba cha kupimia pembe hizo, akavijaribu vioo bapa, na vilivyobinuka, na vilivyobonyea.

Makala ya saba ni juu ya kuvunjika kwa nuru, nalo ni jambo linalojulikana na kila mvuvi. Kafi iliyotiwa majini huonekana kama imevunjika pale inapokutana na maji, na samaki huonekana juu kuliko alipo; kwa hiyo mwenye kumchoma kwa mkuki hulenga chini ya anapomwona. Sababu yake ni kuwa nuru ikitoka katika maji, nayo ni mazito, ikaingia katika hewa, nayo ni nyepesi, haiendelei na mstari wake bali hupinda. Mwenye kutaka kuthubutisha na atie senti ndani ya bakuli, arudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli uifiche. Kisha mwenzake atie maji taratibu. Senti itatokea, na hali haikuondoka mahali pake.

Alisema pia kuwa nuru ina mwendo, ijapokuwa hisi haiudiriki, na kuwa mwendo wake ni mdogo zaidi katika kitu kizito kuliko katika kitu chepesi. Waliokuja nyuma walimsadikisha. Leo yajulikana kuwa nuru hwenda yapata kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kuwa nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo.

MAKOSA YA JICHO, NA MAKOSA YAKE MWENYEWE

Alieleza pia vipi jicho hukosea. Mfano ulio mashuhuri ni wa mwezi: ukichomoza juu ya bahari huonekana mkubwa mno, na ukipanda huonekana mdogo. Alifahamisha kuwa kikubwa katika kosa hili si cha mwezi bali ni cha hukumu ya nafsi. Kwani mwezi ukiwa chini, jicho hupita juu ya ardhi na miti na nyumba, likaudhani uko mbali zaidi, na kinachodhaniwa kuwa mbali hukadiriwa kuwa kikubwa. Atakaye ushahidi na ashike punje ya mbaazi kwa mkono ulionyoshwa: itaufunika mwezi ukichomoza, na itaufunika vile vile ukiwa utosini.

Ibnul-Haitham hakuwa maasumu. Alilieleza jicho kwa tabaka zake kama alivyozipokea kwa Jalinus, akasema kuwa kinachodiriki nuru kwanza ni kile kioo cha ndani kilicho na umbo la adesi. Na kwa jina la adesi ndivyo Waarabu na Walatini walivyokiita kioo cha namna hiyo, ambacho leo huitwa lenzi. Hapo alikosea. Johannes Kepler, mwaka 1604, alibainisha kuwa lenzi huikusanya nuru tu, na kuwa sura huchorwa nyuma yake, juu ya utando wa ndani wa jicho, nayo imepinduliwa kama ile ya chumba cha giza. Lakini Kepler alilifikia hilo kwa kushika kanuni ya Ibnul-Haitham mwenyewe, kuwa kila nukta hutoa nuru yake. Mwanafunzi akimsahihisha mwalimu kwa mizani ya mwalimu, hilo ni fakhari ya wote wawili.

KUISHI KWAKE AZHAR NA KUFA KWAKE

Baada ya kufunguliwa, alikaa katika kuba karibu na mlango wa msikiti wa Azhar. Hakurudi kutafuta cheo. Mkono wake ulikuwa mzuri katika khati, basi kila mwaka alinakili kitabu cha Uklidis, na al-Majisti cha Batlamyus, na vitabu vya kati vinavyosomwa baina yake, akaviuza kwa dinari 150 za Misri. Bei hiyo haikuwa na kupunguzwa wala kuongezwa, nayo ilikuwa ndiyo riziki yake ya mwaka mzima.

Katika khabari zake husimuliwa kuwa alijiwa na mtu mkubwa aliyetaka kusoma kwake. Akamwekea sharti ya dinari 100 kila mwezi. Yule mtu akatoa, akasoma miaka mitatu. Siku ya kuagana, Ibnul-Haitham akamrudishia mali yake yote, akamfahamisha kuwa alitaka tu kujua kama ilimu ni azizi kwake kuliko mali, na kuwa katika kufundisha kheri hapana ujira, wala rushwa, wala hidaya.

Vitabu na risala alizoandika zimehesabiwa zaidi ya 90. Ndani yake mna risala ya nuru ya mwezi, na ya upinde wa mvua, na ya vioo vya kuunguzia, na ya kuijua Kibla kwa hisabu. Alifariki Kairo karibu na mwaka 430 wa Hijra (1040), umri wake yapata miaka 75.

MAMBO YALIYOTOKEA BAADA YAKE

Katika nchi za Kiislamu Kitabul-Manadhir kilikaa muda mrefu bila ya wasomaji wengi, mpaka alipotokea Kamaluddin al-Farisi, karibu na mwaka 700 wa Hijra, akakisherehesha. Yeye alitwaa tufe la kioo lililojaa maji, akalifanya mfano wa tone la mvua, akaeleza vipi nuru ya jua huvunjika ikaingia, ikarudi ndani yake, kisha ikavunjika ikatoka, ukapatikana upinde wa mvua.

Kwa Wazungu kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikasomwa na Roger Bacon na wenzake, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Kutoka hapo kikamfikia Kepler, na ilimu ikaendelea mpaka kwenye darubini na kamera. Mwaka 2015, katika mwaka uliowekwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru, dunia iliadhimisha miaka 1000 ya kazi zake.

FAIDA

Mwenye kusoma khabari hizi na ashike mambo matatu. La kwanza, ilimu ya nuru si ya kigeni kwa Mwislamu; kijana anayeisoma skuli anarudia darsa iliyoandikwa kwa Kiarabu na mtu aliyeishi mlangoni pa msikiti. La pili, alama kubwa ya mwanachuoni si kutokosea, bali ni kurudi akijua amekosea, ijapokuwa kurudi huko kuna khatari. Lau Ibnul-Haitham angaling'ang'ania neno lake pale Janadil, asingebaki na uso wala na kitabu. La tatu, dalili za Mwenyezi Mungu zimewekwa karibu. Hazikufungiwa Basra wala Kairo. Ziko katika kafi ya mvuvi, na katika tundu la bati la chuo, na chini ya mkwaju wa Mkwajuni. Zinamngoja tu mwenye kuinama akatazama, kisha akauliza kwa nini.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atunufaishe kwa ilimu yake na ilimu za wote waliotangulia. Amin.